Bwana Ustawi na Watu wa Alhamisi

Bwana Ustawi hakujua kuomba. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kuomba ndiko kulikokuwa kazi yake kwa muda wote niliomfahamu. Alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii mjini Kyela, katika miaka ambayo serikali ilikuwa inajitoa taratibu kwenye mambo mengi na wafanyabiashara wanaingia. Ofisini kwake hapakuwa na kitu cha kumpa mwenye shida isipokuwa benchi la kukalia. Lakini kwenye maduka ya Mbugani sabuni zilikuwa zimerudi, vitambaa vimerudi, na redio za betri zimepangwa mpaka mlangoni. Kwa hiyo yeye aliyeajiriwa kugawa ikambidi awe mwombaji.

Alikuwa akiingia dukani anasalimia vizuri, anauliza habari za watoto, kisha anasimama na kutazama rafu. Mwenye duka anajua amekuja na jambo, lakini neno halitoki. Mwishowe ananyoosha kidole. "Nipe hiyo tochi." Tochi ikishafungwa kwenye gazeti na kuwekwa kwapani, ndipo ulimi unafunguka: kuna kijana wangu mmoja ametoka kutibiwa Dar es Salaam, anatakiwa arudi kuangaliwa, hana njia ya kufika.

Siku nilipoingia chumbani kwake mara ya kwanza, kumpelekea mchele aliotuma mama, niliona tochi saba juu ya sanduku, na kufuli nyingi kuliko milango ya nyumba nzima. Nikamuuliza kama anafanya biashara.

"Hapana," akasema. "Hizo ni safari zenu."

Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao. Kwetu ni Njisi. Nilipomaliza kidato cha nne niliota uvimbe shingoni, upande wa kushoto, usiouma, na kwa sababu hauumi tukauacha mpaka nikawa siwezi kugeuza kichwa. Madaktari wakasema ni saratani ya tezi. Nilikaa Dar es Salaam miezi minane, mionzi na dawa za mshipa, nikarudi nyumbani na umri wa miaka ishirini, kichwa hakina unywele, nguo zinanining'inia. Nilikuwa nimepona. Daktari alinishika mkono akaniambia hivyo, akaongeza kwamba nirudi kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu ugonjwa huo huweza kujificha.

Njisi hakuna aliyekuwa amewahi kumwona mtu aliyepona saratani. Walichokuwa wamekiona ni vijana wanaorudi kutoka mijini wamekonda, nywele zimenyonyoka, na wote walizikwa. Basi wakaniweka kwenye fungu hilo. Rafiki zangu niliosoma nao walinisalimia wakiwa barabarani, mimi nikiwa uani, "Ugonile, Tusekile," kisha wakaendelea na safari. Familia iliyokuwa imeanza kuleta maneno ya posa ilituma shangazi mmoja kutuambia kwamba kijana wao bado anatafuta maisha. Mama alilima mpunga peke yake, kwa kuwa mimi sikuweza kusimama kwenye maji muda mrefu. Miezi mitatu ilipotimia hatukuwa na la kufanya, nikaenda kwenye ofisi ya ustawi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimepona."

Aliinua uso. Alikuwa mwembamba, suti ya Kaunda ya kijivu imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. "Sasa ukipona unakuja ustawi kufanya nini?"

Nikamweleza. Akatoa fomu na kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akinitazama kila baada ya neno. Mgonjwa. Mlemavu. Yatima. Mzee asiyejiweza. Mjane mwenye watoto wadogo. Alipofika mwisho akaigeuza, nyuma hapakuwa na kitu, akaigeuza tena.

"Hupo," akasema.

Nilidhani ananifukuza. Nikainuka.

"Kaa. Sijasema uende. Nimesema hupo humu." Akachukua kalamu, na chini kabisa ya ile orodha akaongeza kwa mwandiko wake: *Aliyepona*. "Haitasaidia kitu," aliniambia. "Huko itakakokwenda wataikata. Lakini waikate wakiwa wameisoma. Njoo Alhamisi."

Alhamisi nilimkuta kijana mmoja wa Itungi, Ambokile, aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa saratani ya mfupa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mabega mapana, na kicheko kilichokuwa kinamkera Bwana Ustawi kwa sababu kilisikika mpaka ofisi za jirani. Huo ndio ukawa mpango wetu wa msaada, wa watu wawili na ofisa mmoja. Wengine walikuja wakaacha, lakini sisi tulikuwa kila wiki. Watumishi wa halmashauri walituita watu wa Alhamisi. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi, Bwana Ustawi anatuuliza tumelalaje, tumekula nini, tarehe ya kliniki ni lini. Kisha anaandika barua. Aliwaandikia kanisa, msikiti, wanunuzi wa mpunga, wenye mabasi, shule. Karatasi zilipokwisha aliandika nyuma ya fomu za zamani. Mashine ya kuandikia ilipochukuliwa aliandika kwa mkono. Msaidizi wake alipopunguzwa kazini alizipeleka barua mwenyewe kwa baiskeli.

Nisimpambe, maana hakuwa mtu mwepesi kupendeka. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, na baada ya miaka yote aliyokaa Kyela bado alitusahihisha Kiswahili chetu. Ukisema neno kwa lafudhi ya Kinyakyusa alilirudia polepole, mpaka ukaona haya kuongea. Yeye mwenyewe Kinyakyusa alijua maneno mawili, na yote aliyakosea. Ukimshukuru alikasirika. Mama alipomwambia "Ndaga fijo, Mzee," alijibu, "Ndaga ya nini? Serikali haijampa mwanao kitu." Msibani alikuwa akifika, anasimama nyuma ya watu wote, na anaondoka kabla ya chakula. Ramadhani alifuturu chumbani kwake, yeye na redio. Jirani zake Waislamu walimwita, wakachoka kumwita.

Lakini pia alikuwa mtu aliyempatia Ambokile cherehani. Fundi mmoja alikuwa anahamia Mbeya, na Bwana Ustawi alimwendea mara nne, akanunua kwake suruali mbili asizozihitaji, mpaka yule fundi akaiacha. Watu walikusanyika barazani kumtazama Ambokile akishona. Mzee mmoja akamuuliza ataendeshaje cherehani kwa mguu mmoja.

"Kanyagio lenyewe ni moja," akasema Ambokile. "Wa pili ulikuwa unakaa bure tu."

Kila mtu akacheka. Bwana Ustawi hakucheka. Nilimwona amegeuka, anafuta miwani.

Kwangu mimi msaada wake ulianza kwa fedheha. Aliposikia namna watu wa kijijini wanavyoniogopa, alikuja Njisi kwa baiskeli mara tatu kuzungumza na wazee. Alizungumza Kiswahili cha pwani, kirefu, chenye adabu nyingi, na bibi zetu waliokuwa wanakisikia nusu walifahamu jambo moja tu: mwanamume mgeni amekuja mara tatu kwa ajili ya binti wa fulani. Safari ya nne alimkuta mama amechinja jogoo, wajomba wameketi kwenye viti, na shangazi amevaa kitenge kipya. Bwana Ustawi akala, akasifu chakula, kisha akafungua karatasi yake na kuwaeleza kwamba saratani haiambukizi kwa kugusana. Mjomba mkubwa akauliza, "Kwa hiyo, wewe humtaki?"

"Mimi nimeoa," akasema Bwana Ustawi.

Tulicheka kwa miaka. Lakini tangu siku hiyo mambo yalibadilika kidogo, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimemwona ofisa wa serikali ananyoosha mkono na kuchukua mboga kutoka bakuli nililokuwa nalitumia mimi.

Kuhusu huyo mke, Kyela hawakuamini kwamba yupo. Ukimuuliza lini anakuja, alijibu, "Mvua zikikatika." Na Kyela mvua hazikatiki. Nami nilidhani ni uongo, na ulikuwa uongo wa ajabu kwa mtu kama yeye, kwa sababu kwenye karatasi hakukubali uongo hata wa nukta moja. Nilipoomba chuo cha ualimu, fomu ya afya iliuliza kama nimewahi kuugua ugonjwa mkubwa. Niliandika hapana. Akaisoma, akaniambia niandike nyingine.

"Mzee, nikiandika ndiyo hawatanichukua."

"Pengine."

"Unataka nikae Njisi mpaka nife?"

"Nataka wakikuchukua wakuchukue wewe. Wasimchukue mtu mwingine mwenye jina lako."

Niliandika ndiyo. Hawakunichukua. Mwaka mzima sikumsamehe, ingawa Alhamisi nilikuja, nikakaa kwenye benchi nikitazama dirishani, na yeye akaniuliza nimelalaje, nimekula nini. Mwaka uliofuata aliandika barua ya kurasa tatu kwa mkuu wa chuo, akaambatanisha ya daktari, nikachukuliwa. Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi. Najua tu kwamba ule mwaka ulipotea, na kwamba chuoni sikuwa na cha kuficha.

Basi mke alikuja. Alishuka basi siku moja ya jua, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, akakaa siku tisa. Alizifuta vumbi zile tochi, akapika samaki kwa nazi aliyokuja nayo, na jirani wote wakapelekewa sahani. Nilimsindikiza sokoni. Nikamuuliza kama atahamia.

"Hapana, mwanangu. Nilijaribu zamani, tulipokuwa vituo vingine," alisema. "Yule anajua kukaa na shida ya mtu. Mtu mwenyewe hajui akae naye vipi."

Siku ya kumi aliondoka. Bwana Ustawi alimfikisha stendi akarudi ofisini, na mtu wa kwanza aliyemuuliza alimjibu kwamba mke atarudi mvua zikikatika.

Sasa nieleze habari ya lori.

Ilikuwa kabla ya chuo. Kliniki yangu na ya Ambokile zilikuwa zimeangukia wiki moja, na njia zote za kawaida za kupata nauli zilikuwa zimefungwa. Bwana Ustawi alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa Mbugani, mtu mwema mwenye asili ya pwani kama yeye, aliyekuwa akipeleka mchele Dar es Salaam. Wakati huo mtu binafsi kununua mpunga na kuusafirisha mwenyewe kulikuwa jambo jipya, na malori yalikuwa yakiondoka yamejaa. Sisi wawili tulikuwa nyuma yake. Akanunua kufuli. Kisha akasema.

"Mbele nina nafasi moja," alisema mwenye lori. "Mwingine kama ana afya anaweza kupanda juu ya magunia na utingo. Siku mbili. Wamewahi kupanda hata wazee. Lakini huyu wa magongo simweki juu, ataanguka."

Jambo lilikuwa jepesi. Ambokile mbele, mimi juu. Wote tungefika.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemsaidia mama kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na vumbi la pumba lilinikaa kifuani. Nilikuwa nakohoa. Nilikohoa pale dukani, kwa nguvu, nikainama. Bwana Ustawi aligeuka akanitazama. Niliuona uso wake unabadilika.

"Unakohoa tangu lini?"

"Siku chache," nikasema.

Nilijua ni vumbi. Mama naye alikuwa anakohoa hivyo hivyo. Ilikuwa nimalizie tu, siku chache, ni vumbi la mashine, na sikumalizia. Nilikuwa naogopa baridi ya Tukuyu na ya Makambako juu ya magunia, hiyo ni kweli. Kuna na nyingine. Kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amenitazama vile, kama mtu anayeweza kupotea na ambaye kupotea kwake kutamuuma. Niliutaka ule uso uendelee kunitazama kidogo.

"Huyu apande mbele," Bwana Ustawi akamwambia mwenye lori. Kisha kwa Ambokile, "Wewe utakwenda na linalofuata. Wiki mbili."

"Mimi sina haraka," akasema Ambokile. "Kwanza nina sare za shule za watu." Siku ya safari akanifungulia mlango wa lori kwa ncha ya gongo.

Nilifika. Wakanipima, wakasema niko salama, kikohozi kikaisha njiani nikirudi. Lori lililofuata halikuondoka baada ya wiki mbili. Mvua zilikuja kubwa mwaka ule, mito ikafurika, barabara ikakatika, mpunga wenyewe ukaoza. Ambokile alisafiri baada ya miezi mitatu. Walipompiga picha ya kifua waliikuta saratani kwenye mapafu yote mawili. Alirudi Itungi, akashona kwa muda aliokuwa anaweza kukaa wima, na akafa nyumbani kwao, karibu na ziwa, kabla ya mwaka kwisha. Mazishini Bwana Ustawi alisimama nyuma ya watu wote. Niligeuka kumtafuta baada ya udongo wa mwisho, alikuwa amekwenda.

Kwa wiki tano sikwenda ofisini. Wiki ya sita alikuja Njisi, akaegesha baiskeli ukutani. "Umekosa Alhamisi," akasema, basi. Hakutaja jina la mtu. Nami sikulitaja. Tulikaa Alhamisi nyingi baada ya hapo, sisi wawili, na wengine waliokuja baadaye, na jina hilo halikutamkwa kati yetu mara moja.

Nilisoma, nikapangiwa shule Mbeya, nikakaa huko. Kliniki zikawa kila mwaka, kisha daktari akaniambia nisirudi tena mpaka nikiona dalili. Sikuolewa. Nilimwandikia Bwana Ustawi kila sikukuu ya Idi, naye alijibu kwa mistari minne, miwili ya salamu na miwili ya kunisahihisha. Kisha majibu yakakoma. Nikasikia amestaafu.

Nilimwona mara ya mwisho nilipoteremka Kyela likizo ya Desemba. Nilidhani atakuwa amerudi pwani, lakini jirani akaniambia yupo, chumba kile kile. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka, amevaa kanzu na koti la suti ya Kaunda juu yake. Alikuwa amepungua sana. Nilimwamkia, akaitika, akanitazama muda mrefu.

"Tusekile," akasema. "Umenenepa."

"Nimezeeka, Mzee."

"Vizuri. Ndivyo tulivyokuwa tunaomba."

Nilimpa mchele na sukari. Akavipokea bila kukasirika, na hilo lilinitia hofu. Tuliongea habari za shule, za mvua, za mke wake aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakusema zaidi ya kwamba alichelewa kupata habari. Nilikuwa nimejiandaa kuaga.

"Nilikosea," akasema.

Sikuuliza nini.

"Siku ile dukani. Nilikutazama, nikaona wewe ndiye unayetutoka. Yule alikuwa anacheka, mwili mzuri, nikasema huyu anaweza kungoja. Nilikosea. Na sasa wewe uko hapa umekaa mbele yangu, una shule, una watoto unaowafundisha. Nikisema ningelifuta lile kosa, nakusema wewe. Nikisema nisingelifuta, namsema Ambokile. Nimelizungusha miaka yote hii."

Lilikuwa jina lake, nalisikia kwa sauti ile kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Nikaona kwamba kama ningenyamaza na safari hii, nisingepata nafasi nyingine.

"Mzee, kile kikohozi kilikuwa cha vumbi la mashine ya mpunga. Nilijua. Ningeweza kupanda juu ya magunia."

Watoto wa jirani walikuwa wanapita na ndoo, wakatuamkia, hakuna aliyewaitikia.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua. Nilitaka unihurumie."

Alivua miwani, akaishika mapajani. Nilingoja anifukuze. Ningekwenda, na ningeona ni haki. Aliangalia barabarani. Midomo yake ilianza neno akaliacha, kama zamani dukani.

"Basi tuko wawili," akasema mwishowe. "Nilidhani niko peke yangu."

Msikitini wakaadhini alasiri. Akajitahidi kuinuka, nikamshika kiwiko, naye akaniachia nimshike mpaka aliposimama vizuri. Alichukua birika la maji ya kutawadhia, akaenda hatua mbili, akageuka.

"Usiondoke," aliniambia. "Nasali, narudi."

Nikamngoja.